Hohenlinde na Fink, Ndugu wa Tumbo Moja

Kabla hajamiliki gari-nyumba hata moja, Kreszentia Brielmaier alikuwa ameshafunga makabati ndani ya maelfu ya magari hayo. Watu wa Altenried, huku Swabia ya Juu, humwita Zenta tu, kwa kuwa jina zima linachosha ulimi. Miaka kumi na tisa alisimama katika kituo cha nne cha kiwanda cha Steidle. Gari lilimfikia likiwa na sakafu, kuta na paa. Lilimtoka likiwa na pa kuweka sufuria. Kwenye kioo cha mbele cha kila gari palibandikwa karatasi. Ikiwa ya buluu, hilo ni Hohenlinde, la wenye nazo. Ikiwa ya njano, hilo ni Fink, la wale wanaouliza bei kabla ya kukaa. Zenta aliangalia rangi, akanyoosha mkono kwenye toroli la kushoto au la kulia, akatwaa milango ya makabati iliyostahili, akaikaza kwa skrubu zilezile kutoka ndoo ileile.

Alipotimiza miaka arobaini na mmoja, kiwanda kikapunguza watu. Wenzake walilia kwenye maegesho. Yeye alichukua malipo ya kuagwa, akapanga yadi iliyokuwa kituo cha kukusanyia maziwa kando ya barabara ya Ravensburg, akanunua magari-nyumba matatu yaliyochoka, akayakarabati, akayauza, akanunua matano. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na urithi aliouacha ulikuwa mazoea: mfungue mnyama mdomo kabla ya kusikiliza sifa zake, na muuzaji asione usoni mwako kwamba umempenda.

Gari-nyumba haliuawi na safari ndefu. Linauawa na maji. Tone likipenya kwenye kiungo cha paa na ukuta, mbao za ndani huoza kimyakimya huku mapazia yakipendeza. Kwa hiyo Zenta hakusikiliza hadithi za wauzaji kuhusu Ureno na Norwei. Alichukua kidude chake chenye sindano mbili kinachopima unyevu, akalala chali ndani ya kabati la nguo, akachoma pembe moja baada ya nyingine, akasoma namba kwa sauti ili mwenye gari asikie. Wauzaji wengine waliondoka bei imeshuka kwa robo na bado wakamshukuru.

Sasa ana miaka hamsini na tisa, magoti yanamsumbua, na yadi ina magari ishirini na mawili. Na kila mnunuzi, awe mwalimu mstaafu au fundi bomba, huja na swali moja: lipi bora, Hohenlinde au Fink? Hohenlinde ni ghali kuliko Fink kwa karibu theluthi. Mtu anataka kujua theluthi hiyo imekwenda wapi.

Zenta alichoka kujibu. Msimu mmoja alichukua mlango mzima wa kabati, akaupaka rangi nyeupe, akaandika kwa mkono. Upande wa kushoto aliweka yale yaliyo sawa katika magari yote mawili: chasisi, sakafu, kuta zenye unene uleule, madirisha, friji, jiko, hita, pampu ya maji, hata kitasa cha choo. Orodha ilijaa mpaka chini. Upande wa kulia aliweka tofauti, nazo zilikuwa saba. Hohenlinde ina godoro lenye springi, Fink ina la sponji. Tanki la maji machafu la Hohenlinde limefichwa ndani ya sakafu ya pili, halishikwi na barafu. La Fink linaning'inia nje. Yakafuata mabomba ya hewa moto, taa, milango ya makabati, mlango wa kuingilia wenye kufuli mbili. Ya saba ilikuwa paa: Fink aluminiamu, Hohenlinde fibaglasi ngumu isiyobonyezwa na mvua ya mawe. Chini kabisa aliandika: "Niliyafunga kwa mikono yangu. Uliza."

Hakuandika lipi bora. Alimwambia mnunuzi ajue kwanza atalala wapi na lini. Anayekwenda milimani Januari, alipie tanki. Mwenye mgongo mbovu, alipie godoro. Asiye na kibanda cha kuegeshea, alipie paa, maana Juni ya huku hutupa barafu kubwa kama kokwa za walnati. Asiye na haja na haya yote, achukue Fink, na theluthi ile akanunulie chakula kizuri barabarani.

Mtu wa mbali ataona hapo hakuna ubaya. Lakini Altenried si mahali pa kusema mambo kama hayo. Kila nyumba ina mtu kiwandani, au alikuwa naye, au anatumaini kumwingiza. Kwenye meza za baa watu huongea juu ya kandanda, bei ya nyasi, nyongo mbovu ya padri na ndoa za majirani; hawaongei juu ya kilichomo ndani ya ukuta wa gari. Hakuna aliyewakataza. Ni adabu ya mji, kama kufagia mbele ya mlango wako Jumamosi. Wanajua wote, na ushahidi umeegeshwa hadharani: katika uwanja wa magari ya wafanyakazi wa Steidle, wakati wa likizo za Pentekoste, utahesabu Fink themanini. Hohenlinde huioni, labda ya mkurugenzi, nayo ni ya kampuni.

Ubao ulisimama misimu mitatu bila mtu kuupigia kelele. Kisha Machi mwaka huu ikaja barua ya chama cha wafanyabiashara wa mji. Bwana Eberhard Vochezer, wakala wa Hohenlinde mpya, amelalamika kwamba Bi Brielmaier anasambaza maelezo ya uongo yenye kuharibu jina la bidhaa. Kamati itakaa Alhamisi ya tarehe kumi na moja Aprili. Bi Brielmaier ama auondoe ubao na kutia sahihi kwamba magari hayo mawili hayalinganishiki, ama apoteze nafasi yake kwenye maonyesho ya masika.

Zenta aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi. Maonyesho yale ni siku mbili tu, mwisho wa Aprili, katika uwanja wa sherehe kando ya mto, ila watu hutoka Stuttgart, hutoka Uswisi, hutoka hata ng'ambo ya ziwa huko Austria. Katika siku mbili hizo alikuwa akiuza magari kumi na mbili, kumi na tatu. Yaliyobaki aliyauza mojamoja hadi vuli. Bila uwanja ule yadi isingefika Krismasi, na mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye magoti mabovu hakuna kiwanda kinachomsubiri.

Siku tatu baadaye Vochezer mwenyewe akaja yadini. Alikuwa mtu mrefu, koti zuri, viatu visivyofaa kwa changarawe. Ukumbi wake wa maonyesho, uliojengwa kwa vioo kutoka chini hadi juu, unaonekana kutoka barabara kuu, na ndani yake hamna Fink hata moja. Fink mpya huuzwa na wakala mwingine, mji wa pili. Alimsalimu Zenta kwa heshima, akasifu usafi wa yadi, akasifu hali ya hewa.

"Bi Brielmaier, mimi na wewe ni watu wa biashara," akasema mwishowe.

"Mimi ndiyo. Wewe ni mtu wa vioo."

Vochezer akacheka, maana hakuja kugombana. Akasema hapendi kamati, hapendi barua, angefurahi wamalize hapahapa. Zenta akiushusha ule ubao, atamkabidhi kila msimu Hohenlinde mpya nne auze kwa jina lake, kwa kamisheni nzuri. Akaitaja. Ilikuwa nzuri kweli. Zenta aliipima kichwani kama baba yake alivyokuwa akipima ng'ombe kwa jicho, na uso wake haukusogea.

"Na mteja akiniuliza friji yake imetoka wapi?" akauliza.

"Huna haja ya kujibu."

"Kumbe unataka kuniajiri ninyamaze. Kazi hiyo watu elfu mbili wanaifanya mjini humu, na hakuna aliyewahi kulipwa kamisheni. Mbona mimi tu unanipendelea?"

"Kwa sababu wao hawana ubao."

"Basi mpe kila mmoja ubao, uone gharama."

Vochezer akaacha kutabasamu. Akamwambia kamati ina watu tisa, na wengi wao wanamuuzia yeye kitu, au kiwanda kinanunua kwao kitu. Zenta akasema analijua hilo, hata yeye anajua kuhesabu mpaka tisa. Akamsindikiza hadi langoni, akamwonyesha dimbwi asije akalikanyaga.

Hakukataa kwa ushujaa. Alipiga hesabu. Watu walitoka mbali kumfuata yeye kwa sababu moja, kwamba akisema ukuta ni mkavu, ni mkavu. Akiuza neno hilo mara moja, halirudi dukani. Hohenlinde nne kwa msimu haziwezi kuziba pengo hilo.

Lakini hesabu ileile ilimwambia jambo jingine. Mtu anayeshtakiwa kwa uongo aukague mdomo wake kwanza. Yeye alitoka kiwandani miaka kumi na minane iliyopita. Mengi aliyoyaandika aliyajua kwa kuyaona kwenye magari yaliyopita mikononi mwake, na magari hayo yalikuwa ya miaka mitano, kumi, kumi na tano. Je, yaliyotoka juzi?

Jumapili baada ya misa akamwendea Ottmar Gindele. Ottmar alianza kazi Steidle wiki moja na Zenta, na bado yuko, kituo cha paa. Amebakiza miaka miwili astaafu. Zenta alimkuta juu ya ngazi fupi akipogoa mitufaha, mkasi mkononi, kikapu cha matawi chini. Alikuwa amemletea mikate ya chumvi na bizari. Ottmar akatazama mikate, akatazama karatasi mkononi mwa Zenta, akajua.

"Zenta, mimi siwezi kuongea mambo ya kazini. Unajua."

"Nani kakwambia uongee? Wewe kata miti yako. Mimi nitajisomea hapa kwenye jua. Nikisoma kitu kisicho kweli, wewe utachoka mkono kidogo."

Ottmar alifikiri. Kisha akaupeleka mkasi kwenye tawi, kacha.

Zenta akasoma upande wa kushoto, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Chasisi, kacha. Kuta, kacha. Friji, kacha. Mkasi uliendelea mstari kwa mstari, na matawi yakaanguka kikapuni. Akahamia kulia. Godoro, kacha. Tanki ndani ya sakafu, kacha. Mabomba, taa, milango, kufuli, yote sawa.

"Paa," akasoma. "Fink aluminiamu, Hohenlinde fibaglasi."

Ottmar alikuwa ameshika tawi kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umesimama hewani.

"Paa," Zenta akarudia. "Yote mawili fibaglasi?"

Kacha.

"Tangu lini? Mwaka jana?" Mkasi ukasimama. "Mwaka juzi?" Kacha. "Masika, kiangazi, Agosti baada ya likizo?" Kwenye Agosti tawi nene likaanguka, karibu limpige Zenta.

Zenta akakipindua kikapu, matawi yakamwagika, akakikalia. Mstari uliokuwa ukiuza zaidi ubao mzima, mstari aliowaonyesha watu wote wasio na kibanda, ulikuwa umekufa misimu miwili, naye bado anauonyesha. Katika Altenried nzima walikuwepo labda watu mia waliojua, na wote walipita mbele ya ubao wake wakienda kununua mikate.

"Mbona hukuniambia, mshenzi wewe?"

"Hukuniuliza," Ottmar akasema, akashuka ngazi, akachukua mkate. Alikuwa na aibu, lakini pia alikuwa na njaa. Akitafuna akaongeza, kana kwamba anaongea na mti, kwamba kununua aina moja ya paa kwa wingi ni rahisi kuliko kununua aina mbili, na kwamba barua ilitumwa kwa mawakala wote wa Hohenlinde wakati uleule, ili wajue.

Zenta akanyanyua kichwa. "Mawakala wote?"

Ottmar alirudi juu ya ngazi. Kacha.

Jumatatu asubuhi, kabla ya jambo lolote, Zenta alipiga simu Esslingen. Vuli iliyopita alikuwa amewauzia Bi Hafner na mumewe Hohenlinde ya mwaka mmoja. Walikuwa wamesitasita kati ya hiyo na Fink iliyoegeshwa kando yake, ya umri uleule, na kilichowaamulia ni paa, kwa kuwa wao huegesha chini ya anga. Wengine wote aliowauzia walinunua magari ya zamani, ambayo ubao ulisema kweli juu yake. Hawa wawili ndio pekee. Aliwaambia bila kuzunguka: alikosea, Fink ile ilikuwa na paa hilohilo, na wakitaka kulirudisha gari atalichukua kwa bei waliyolinunulia hadi Pentekoste.

 Bi Hafner akauliza kama godoro ni tofauti ya kweli.

"Godoro ni kweli. Nimehakikisha jana."

"Basi mume wangu hutamtoa humo hata kwa trekta." Kisha akaongeza: "Lakini paa tulililipia, Bi Brielmaier. Mimi nafikiri utatufungia tenti ya ubavuni, ile ya kukunja. Ile ndefu."

"Ile fupi."

"Ndefu. Kosa lilikuwa refu."

Zenta akakubali. Mwanamke yule angefaa sana kwenye soko la ng'ombe.

Ilibaki Alhamisi. Angeweza kuufuta mstari wa paa kimyakimya, aende kwenye kamati na ubao safi. Vochezer asingesema neno, kwa sababu kuusema ule mstari ni kukiri kwamba aliujua. Zenta alilifikiria hilo akiwa amelala ndani ya kabati la gari la mtu, sindano ukutani, na alipotoka humo alikuwa ameshaamua. Shtaka lilisema ana uongo. Atauleta uongo wenyewe mezani, waangalie unamlisha nani.

Kamati ilikaa saa moja jioni katika chumba cha nyuma cha baa ya Taji. Mwenyekiti ni Gebhard Maucher, mwenye duka la vyuma, mtu mzito asiyependa ugomvi kwa sababu wagomvi wote wawili huwa wateja wake. Vochezer ni mmoja wa tisa, ila kwa kuwa ndiye mlalamikaji hakuruhusiwa kupiga kura. Wakabaki wanane, na dengu na tambi mbele yao. Zenta aliuleta ubao wenyewe, akauegemeza kwenye jiko la vigae la kupashia chumba joto.

Vochezer aliongea vizuri. Alisema Hohenlinde ni jina lililojengwa miaka sitini, kwamba mnunuzi wake hanunui friji, ananunua utulivu wa moyo, na kwamba kuyaweka magari mawili juu ya ubao mmoja ni kumdanganya mtu aone ni kitu kimoja. Mwishoni akasema mji unaishi kwa kiwanda, na anayekikwaruza kiwanda anaukwaruza mji. Wawili watatu wakaitikia kwa vichwa.

Maucher akampa Zenta nafasi. Hakusimama, magoti. Akauliza kwanza nani kati yao ana gari-nyumba. Mikono sita ikainuka. Akaomba wenye Fink washushe. Ukabaki mmoja, wa daktari wa meno, ambaye hakuona haya hata kidogo. Alisema mgongo wake unajua kwa nini.

"Na mgongo wake upo kwenye ubao wangu," Zenta akasema. "Godoro, mstari wa kwanza kulia. Simkwaruzi mtu. Nyinyi watano mlijua kabla sijaandika, mkanunua Fink. Wa Stuttgart ndio hawakujua. Mnachonitaka nikifiche ni kile mlichokitumia wenyewe."

Mtu mmoja akakohoa kwenye bia yake. Maucher akasema kwa upole kwamba swali la leo ni dogo zaidi: je, maelezo ya ubao ni ya kweli?

"Mstari mmoja si wa kweli."

Hapo vijiko vikatulia. Vochezer mwenyewe aligeuka.

"Paa," Zenta akasema. "Nimeandika Hohenlinde peke yake ina fibaglasi. Tangu Agosti mwaka juzi Fink nayo inayo. Kwa misimu miwili nimewaambia watu walipie paa ambalo wangelipata hata kwenye gari la bei ya chini. Nimekosea, na niliyemkosea nimemtengenezea tenti ndefu. Sasa angalieni kosa limeelemea upande gani. Kila aliyeuamini mstari ule alikwenda kununua Hohenlinde, na Hohenlinde mpya inauzwa wapi mnajua. Uongo pekee ulioko kwenye ubao wangu unamlisha Bwana Vochezer, na ndiye aliyekuja kushtaki."

Maucher akamgeukia Vochezer. "Eberhard. Ulijua habari ya paa?"

Vochezer alisema mawakala hupata barua nyingi sana.

"Nimeuliza kama ulijua."

"Barua ilifika, ndiyo. Kurekebisha ubao wa mtu mwingine si kazi yangu."

"Lakini kuushusha ni kazi yako," akasema daktari wa meno. Alikuwa na dengu ndevuni, na hilo halikupunguza uzito wa neno lake.

Maucher, mtu wa amani, akatafuta pa kati. Alipendekeza ubao ubaki, mstari wa paa urekebishwe, ila majina yaondolewe: paandikwe Gari A na Gari B. Wengi walionekana kufurahi. Walitaka kumaliza kula. Kwa Zenta ilikuwa nafasi yake uwanjani, imekaa mezani, anyooshe mkono tu aichukue. Alijua wangempa. Alijua pia kwamba akikataa, kura inaweza kwenda popote.

"Hapana," akasema. "Yadini kwangu hakuna Gari A. Mtu hasafiri kutoka Stuttgart kuja kununua herufi. Ubao unabaki na majina yake, paa narekebisha kesho asubuhi, na kama hamtaki, nitaegesha magari yangu kwenye shamba la nyasi la shemeji yangu ng'ambo ya daraja, na ubao nitauandika mkubwa mara tatu ili wasome kutoka uwanjani kwenu. Pigeni kura, tambi zinapoa."

Wakapiga. Watano walisema abaki na majina. Watatu walipinga, na mmoja wa watatu hao alikuwa na Fink. Zenta hakumshangaa; huyo alikuwa mpaka rangi, na kiwanda kilikuwa kimempa kuta zake zote azipake mwaka ule.

Hakuna aliyempongeza. Daktari wa meno alimsaidia kuubeba ubao hadi kwenye gari, akamuuliza njiani kama Hohenlinde yake ya miaka minane ina fibaglasi kweli, au naye ameibiwa. Zenta akamwambia yake ni salama, alale kwa amani.

Jumamosi ya maonyesho alifika uwanjani saa moja asubuhi. Walikuwa wamemsogeza mwisho kabisa, kando ya vyoo, jambo ambalo kwa mtu wa biashara ni zawadi, kwa kuwa kila mtu hufika huko angalau mara moja. Aliusimamisha ubao. Hakuupaka upya. Mstari wa saba aliukata kwa rangi nyekundu, maandishi ya zamani yakisomeka chini yake, na pembeni akaandika: "Hadi Agosti mwaka juzi. Sasa paa ni moja. Nilikosea misimu miwili. Z. Brielmaier."

Robo saa kabla ya geti kufunguliwa Vochezer akaja akitembea juu ya nyasi zenye umande, viatu vilevile. Alisimama mbele ya ubao, akausoma, akausoma tena. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala vizuri.

"Ungeweza kuufuta tu," akasema. "Ukaacha sita. Nani angejua?"

"Waliousoma mwaka jana."

"Bi Brielmaier, vipeperushi vyangu vimeshachapwa. Ukurasa wa pili wote ni paa. Watu watatoka hapa waje kwangu waniulize kwa nini ninalisifia paa kama ni langu peke yangu."

"Watauliza, ndiyo."

"Niwaambie nini?"

Zenta alikuwa ameshaanza kufungua madirisha ya gari la kwanza ili lipate hewa. Alimfikiria kidogo yule mtu, bila chuki. Ukumbi wa vioo una gharama, na kupasha vioo joto wakati wa baridi si mchezo.

"Mimi niliposhtakiwa nilikuwa na wiki nne kutafuta jibu," akasema. "Wewe una dakika kumi na tano. Anza na ukweli, ndio unaokaririka haraka."

Vochezer aliangalia saa. Kisha akaondoka, kwa hatua ndefu kuliko alizokuja nazo, na Zenta akamwona kwa mbali akiwapungia mkono wafanyakazi wake, akiwaambia jambo, nao wakaanza kuviondoa vipeperushi kwenye meza, kimoja kimoja, na kuvirudisha kwenye maboksi.

Geti likafunguliwa. Wa kwanza kufika kwake walikuwa mtu na mkewe kutoka Reutlingen, wamevaa makoti yanayofanana, na walikuwa wakienda chooni. Mwanamke alisimama kwenye ubao. Akausoma wote, na alipofika kwenye mstari mwekundu akaugusa kwa kidole kuona kama rangi imekauka.

"Haya mengine umeyahakikisha?" akauliza.

"Jumapili tatu zilizopita, mstari kwa mstari."

"Nani amekuthibitishia?"

"Mti wa tufaha," Zenta akasema, akampa kidude cha sindano mbili. "Usiniamini. Ingia ndani, anza na pembe ya nyuma kushoto."

Mwanamke akamkabidhi mumewe mkoba wake, akapanda ngazi. Mume alitazama vyoo, akamtazama mkewe akipotelea kwenye kabati la nguo, akaamua kwamba haja yake inaweza kungoja.